Kithembe

Saa nane usiku, juu ya jiwe la Nyegezi
ambalo bado lina joto la mchana, kama chapati iliyofunikwa,
kompyuta inaniambia: Mkuyuni kuna foleni,
magari arobaini, yote yamefunga breki.
Nampigia Mihayo, yuko kule na bajaji ya kukodi.
"Mwalimu, hapa nipo mimi na mbwa," anasema,
"na mbwa mwenyewe anaondoka."

Basi uongo wangu umefaulu.
Niliutengeneza kwa wiki tatu,
kisanduku cha kutosha viatu vya mtoto,
nikakificha kwenye buti la gari la Doto,
kikajifanya arobaini,
kila mmoja na jina lake, na mwendo wake, na hofu yake.

Wajomba huniuliza misibani, wewe hasa unatafiti nini?
Ni hiki: magari ya kesho yatasemezana hewani.
Nafunga breki. Kuna ng'ombe mbele.
Nipishe, nina mgonjwa wa Bugando.
Mara kumi kwa sekunde, bila hata shikamoo.
Nami nimeajiriwa kukaa katikati na kuuliza,
wewe nani, na nitajuaje?

Jina halitoshi. Jina ni shati.
Tena sisi wenyewe tunayafundisha magari
kubadili jina kila dakika tano,
mume mwenye wivu asije akamfuata mkewe hadi Igoma.

Lakini kila redio ina kithembe.
Kiwandani walikosea kidogo, upana wa unywele,
fuwele ikatetemeka kando ya mstari,
na kosa hilo haliachiki.
Shangazi yangu mvishe jina lolote,
mpe hata cheo,
dhahabu kwake itabaki zahabu.

Nikazipima sauti arobaini za Mkuyuni.
Kithembe kimoja.
Mdomo mmoja!
Nikapiga ukelele peke yangu, pimbi wakatawanyika miambani.
Asilimia tisini na sita, niliandika,
na zile nne nikazipigia mstari mwekundu.
Kulipokucha, taa za dagaa zikazimika ziwani moja moja.
Nilizihesabu bila kuziamini.

Saa moja kasoro mama akapiga kutoka Magu.
"Ile hela imefika?"
Hela gani, mama?
"Si uliniandikia umebadili namba?
Laki mbili na themanini. Nimeuza dengu zote."
Kimya.
"Iliandikwa *mama*, Kwandu.
Nani mwingine ananiita mama?"

Sikuwa na jedwali la kumjibu.
Miaka sita nalinda magari ambayo bado hayajafika mjini kwetu,
na tapeli amepita mlango wa nyumbani
kwa neno la herufi nne,
wala hakuhitaji antena.

Jumamosi nikaenda. Tulikaa jikoni, moshi, viazi.
Nikamwambia tuchague neno,
lisiwe tarehe, lisiwe jina la mtoto wala la kanisa.
Akafikiri huku akimenya.
Kisha akataja yule mbuzi aliyekula daftari langu la darasa la tatu,
jina tulilompa sisi wawili siku ile,
mimi nikilia, yeye akijizuia kucheka.
Silitaji hapa.

Sasa kila nikipiga, hata sauti akiijua,
hata nikikohoa kikohozi chetu cha ukoo,
anasema, "Neno."
Nami kwenye korido, mbele ya mkuu wa idara,
nanong'ona jina la mbuzi marehemu.

Jana nilikuwa na haraka. Lilinitoka kichwani.
"Mama, ni mimi," nikasema, "ni mimi kabisa."
"Hata wao husema hivyo," akanijibu,
akakata.

Nikabaki na simu sikioni,
korongo ananitazama kutoka paa la kantini,
nacheka mpaka wanafunzi wakasimama.
Sijawahi kukatiwa simu vizuri namna ile.